Gari kwa Jina la Mzee Samwiri

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua ya bima imefika. Nimeanza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Bima ya mwaka mmoja imelipita gari lenyewe bei. Sababu wameziandika kwa adabu: umri miaka ishirini na minne, leseni ya miezi saba, ajali mbili. Eti ajali. Mlango wa chumba cha takataka ulikuwa wazi kupita kiasi, na gari la mchungaji liliegeshwa nyuma yangu bila mtu kuniambia.

Wala si gari ninalolitaka. Namtaka Kipchumba. Mume wangu yuko Sveg, kamji kadogo huko juu kwenye misitu ya Uswidi, anatunza wazee kwa mkataba mpaka Juni. Treni haifiki. Basi lipo, lakini Cherop wetu wa miaka minne hutapika basi likipinda kona, na njia ya Sveg ni kona tupu. Baba yake huja mara moja kwa mwezi, siku mbili, moja ikiwa ya usingizi. Chekechea wakimuuliza mtoto baba yuko wapi, huonyesha simu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata mpango. Kipchumba anasema Sveg bima ni nafuu kwa sababu huko cha kugonga ni miti tu. Nikapigia kampuni ya bima, nikasema gari limehamia Sveg. Binti wa bima akauliza usiku linalala wapi. Nikasema kwa mume wangu. Cherop, ambaye akiitwa kula hasikii, hili akalisikia. Akapaza sauti dirishani, kwa Kiswidi safi, kwamba gari liko hapa Märsta, hapo chini, na njiwa amelinyea.

Binti wa bima alicheka vizuri sana. Akasema nipige tena likihama kweli.

Sikumchapa mtoto. Nilimpa ndizi, nikamwambia mtu haingilii simu ya mama yake. Akajibu kwamba mwalimu amesema uongo haufai. Nikachukua nusu ya ndizi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango wa pili, bora zaidi. Mzee Samwiri wa kanisani. Mganda, alikimbilia huku zamani, anakaa Tensta. Miaka sitini na nane, anaendesha tangu sijazaliwa, hajakwaruza hata kichaka. Gari likiandikwa jina lake, bima inashuka hadi robo.

Maryanne, ninayesafisha naye ndege, akaniuliza: Wamaitha, ukishampa mzee gari, utamdai vipi? Nikamwambia ni karatasi tu. Akasema hata ndoa yake ilikuwa karatasi tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeenda Tensta na chapati kumi na mbili. Nilimpa mzee kwa mikono miwili, nikapiga magoti kidogo kama Waganda wafanyavyo, mambo yalainike. Yakalainika. Tukasaini umiliki, akachukua bima, na kweli ikawa robo. Nikanyoosha mkono nichukue ufunguo.

Mzee alikuwa ameshautia mfukoni. Akaniambia kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, "Binti yangu, jina hili halijawahi kugonga kitu. Sasa liko juu ya gari. Aliendeshe nani? Wewe?"

Mfuko wa mzee haudaiwi. Nikamshukuru. Mkewe, Mama Phiona, akanirudishia chombo kikiwa na matoke, kwa sababu chombo cha watu hakirudi kitupu. Gari ndilo lililobaki. Nikapanda treni.

Jumatano, 15 Oktoba

Mzee amepiga simu. Jumamosi atanipeleka Sveg yeye mwenyewe, na Mama Phiona atakuja, hajawahi kufika kule. Mtoto akitapika, anasema, atasimamisha gari. Nimesuka nywele. Nimemwambia Kipchumba abadilishe shuka. Amesema ameshazibadilisha mara mbili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumerudi. Saa kumi nzima njiani kwenda, saa kumi kurudi. Mzee haendi zaidi ya sitini, hata kibao kikiruhusu tisini. Malori yalitufuata kama tunapeleka maiti.

Kipchumba alikuwa amesimama barabarani na koti jepesi, amekonda. Nilifungua mlango gari halijasimama sawasawa, mzee akanikemea. Halafu heshima ikaanza. Huwezi kumrukia mume shingoni mbele ya wazee. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na hakutaka kuuachia wangu, mpaka Mama Phiona akakohoa.

Nyumba ina chumba na sebule. Mzee akatugawa kama kwenye kongamano la kanisa: wanawake chumbani, wanaume sebuleni. Nililala katikati ya Mama Phiona na Cherop, kwenye zile shuka mpya, namsikia mume wangu akijigeuza sakafuni upande wa pili wa ukuta.

Jana asubuhi tulipata dakika nne, tukiosha vyombo. Kipchumba aliniosha mikono pamoja na vikombe, kidole kimoja kimoja. Mzee akaita twende, giza lisitukute. Mlangoni mume wangu akaninong'oneza: muachie mzee hilo gari. Panda basi Ijumaa, mtoto mbebee mfuko na limau. Njoo tu. Nikamwambia ndiyo, na nilisema kwa moyo wote.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefungua ukurasa wa tiketi. Nimejaza majina yote mawili.

Kisha Concessa, jirani yangu Mrundi, akagonga mlango kuomba chumvi. Anasema kuna gari dogo la bluu linauzwa karibu bure, na mama mkwe wake ana leseni ya miaka arobaini, hajawahi kugonga hata kuku, na hapendi kabisa kuendesha. Huyo ufunguo hatautaka. Tena ni mwanamke, ataelewa.

Kungoja kumekuwa kurefu, ukurasa wa tiketi umejifunga wenyewe.

Kipchumba ameandika anauliza basi linafika saa ngapi Ijumaa, atupokee kituoni. Nimemjibu asihangaike na kituo. Tunakuja na gari.