Njiwa wa Lavington

Base yetu iko Mountain View, kwa kibanda ya Sifuna fundi wa viatu, ukitoka Waiyaki Way unaingia ndani kidogo. Sifuna anashona, Everlyn anauza chai na mandazi hapo kando, na sisi wengine tunasaidia kukaa. Tangu nimalize form four hakuna kazi nimefanya kwa bidii kama hiyo.

Jumanne hii, aliyeanzisha stori ni Waithaka. Ana ploti ya single room huko nyuma, na ukimwambia niaje anakujibu deposit, kwa hivyo jina lake ni Deposit. Alikuwa ameshika simu mbali na macho, miwani iko juu ya kichwa.

"Wasee, mmeona hii? Wanasayansi wamesoma jenomu ya trikomonasi."

"Hiyo ni nini, dawa ya mbwa?" Everlyn akauliza.

"Ni kadudu. Kadogo, macho yako haiwezi kukaona. Watu wanaambukizana kwa zile mambo za blanketi."

"Na hiyo jenomu?"

"Ni ramani, madam. Ukitaka kujenga ploti si lazima ukuwe na ramani? Sasa hawa wamepata ramani ya kujenga huyo kadudu, wakaisoma toka msingi mpaka mabati. Wamepata kako na jeni mingi kuliko binadamu."

Sifuna akasimamisha nyundo. "Kuliko mimi?"

"Kuliko wewe na hiyo kichwa yako yote."

"Kitu haionekani na imenishinda?"

"Tulia, sehemu kubwa ni maneno inajirudia. Unafungua ukurasa, ni ile ile. Unafungua ingine, ni ile ile."

"Kama Kayaba akieleza kwa nini alichelewa kufika home," Everlyn akasema.

Tukacheka wote isipokuwa Kayaba. Huyu ni Wesonga, anakata fensi za kayaba, ile miti ya miiba, kwa mabwenyenye wa Lavington. Alikuwa amekaa mguu moja juu ya katoni kwa sababu kiatu ilikuwa kwa Sifuna, imefunguliwa mdomo. Siku zingine Kayaba ndio hucheka wa kwanza, ata kabla mtu amalize stori.

"Buda, mbona uko hivyo?" nikamuuliza.

"Niko poa."

Sifuna hakuinua kichwa. "Bibi yake Phoebe ameenda kwa dada yake Kangemi."

"Sifuna, nilikuambia hiyo ni siri."

"Siri unaambia fundi wa viatu? Mimi huyu, kila mtu akikuja lazima akae hapa akingoja?"

Everlyn akaweka birika chini. "Ameenda kutembea, ama ameenda?"

Kayaba akaangalia katoni. "Amebeba meko."

Bibi akitoka na nguo, amekasirika tu. Akitoka na watoto, anataka upige simu. Lakini akibeba meko, mtungi ya gesi na kila kitu, huyo amehama.

Maneno ikaanza kutoka pole pole. Phoebe hufagia maofisi huko Hurlingham. Wiki iliyopita alikuwa anaumwa, akaenda kliniki, akapimwa, akaambiwa ni trikomonasi. Hii hii ya Deposit. Akaambiwa arudi na mzee watibiwe pamoja. Mzee akakataa.

"Mimi sina kitu," Kayaba akasema. "Siwashwi, siumwi. Nikimeza hiyo dawa si ni kama nimesaini ati ni mimi nilileta?"

"Wanaume wengi hawaskii chochote," Deposit akasema. "Hiyo kitu ikiingia kwa mwanaume inakuwa mpangaji mzuri. Hapigi kelele, hagombani na majirani. Unasahau ata kama yuko, na anakaa tu."

"Sasa aliingia lini?"

"Nani anajua? Pengine kabla ujuane na Phoebe. Pengine yeye ndio alikuja naye, na yeye pia hajui."

"Mficha maradhi, meko humuumbua," Everlyn akasema, akamwongeza chai kwa kikombe hata hakuwa ameguza.

Deposit alikuwa amerudi kwa simu. "Ngoja, kuna mambo ya ukoo hapa. Wamelinganisha ramani, wakapata binamu yake wa karibu anaishi kwa njiwa. Wanafikiria babu yao alitoka kwa ndege akahamia binadamu."

Kayaba akasimama na mguu moja. "Soma tena hapo."

"Binamu yake anaishi kwa njiwa."

"Haya, mniambie. Huko Lavington kwa Maxwell, mdosi wangu, nani huosha kibanda ya njiwa kila Ijumaa?"

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi. Nimemaliza."

"Kayaba," Deposit akasema, "hiyo kuhama ilifanyika kitambo sana. Haikufanyika Ijumaa."

"Njiwa ni njiwa."

"Na kwa ndege huwa inakaa kooni. Wewe na koo ya njiwa mlikutania wapi?"

"Mimi ndio huwalisha."

"Kwa mdomo?"

Lakini mtu akizama maji hachagui kamba. Kayaba alikuwa ashatoa simu, anamrekodia Phoebe kwa WhatsApp, kifua mbele kama mtu anasoma habari. "Mama Ryan, sikiza. Wanasayansi wametoa ripoti leo. Mimi sina makosa na wewe huna makosa. Ni njiwa za Maxwell. Ata Deposit yuko hapa ni shahidi."

"Usiniweke hapo ndani," Deposit akasema, lakini ilikuwa imeenda.

Everlyn alikuwa anamwangalia tu vile mtu anaangalia maziwa ikimwagika. "Kayaba, Phoebe alikuuliza hiyo kitu ilitoka wapi?"

"Hapana."

"Alikuuliza nini?"

"Kama nitaenda kliniki."

"Na wewe umemjibu na ndege."

Simu ikalia, Phoebe amemjibu na sauti. Ya Kayaba ni ile spika ya sikio ilikufa kitambo, kwa hivyo ukisikiza kitu mtasikiza kama kanisa. Akabonyeza hivyo hivyo. Phoebe hakuwa na hasira, na hiyo ndio ilitisha.

"Baba Ryan, nimeskia. Mimi sikutaka kujua ilitoka wapi, na ukiniuliza mimi pia sijui. Nilitaka tumeze siku moja, ndio tusikae tukirudishiana. Saa nane nitakuwa kwa kliniki hapa Kangemi. Ukikuja, jioni tunarudi na meko. Lakini daktari alisema kila mtu amehusika akuje, hakuna kuacha mtu. Kwa hivyo ukuje na huyo njiwa."

Maze, Deposit alicheka mpaka miwani ikaanguka kwa kreti ya soli. Mimi nilishikilia nguzo ya kibanda. Kayaba akaketi, akageuza simu mara mbili mkononi.

"Hiyo dawa iko aje?" akauliza, sauti ndogo. "Ni kali?"

"Si kali sana," Deposit akasema, bado anapangusa machozi. "Shida ni mdomo. Unamaliza siku kadhaa ukimeza mate unaskia ladha ya msumari. Na pombe usiguze kabisa."

Everlyn akageuka polepole. "Hiyo pia umeisoma kwa simu?"

Deposit akainama kutafuta miwani kwa kreti.

Sifuna ndio alimwokoa. Akatoa misumari kwa mdomo, ile ndogo yeye hushikilia na meno akipiga soli, akaitema kwa kiganja. "Lakini ni ukweli ya msumari. Watu walikuwa wananiambia, mimi nikawa siskii tofauti."

Everlyn akatuangalia wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu, na mimi sijawahi kufanya kitu. Akafunika mandazi na kitambaa.

Kayaba naye alikuwa anamkodolea Sifuna macho. "Ata wewe?"

"Wandaye, ndugu yangu, nani alikudanganya uko pekee yako? Tulimeza na bibi asubuhi moja, akaenda soko, mimi nikakuja kazi. Hakuna mtu alisaini kitu." Akampigia soli mara mbili, akamrushia kiatu. "Gundi haijakauka. Usikanyage maji."

Kayaba akavaa, akaangalia saa, akashika njia ya Kangemi. Alikuwa anatembea na kisigino kama bata, lakini alikuwa anatembea.

"Usimeze na tumbo tupu," Deposit akamwitia.

"Deposit," Everlyn akasema, "na Mama Ciru, alimeza?"

"Mama Ciru gani?"

"Bibi yako."

Deposit akaokota miwani, akaipangusa na shati, akaivaa, akaitoa tena. Akasema ata amekumbuka kuna mpangaji anahama leo na lazima aende aone kama amevunja sinki. Tulimwona akikata kona ameshika simu kwa sikio, anaongea pole pole, na heshima, vile hajawahi kuongea na mpangaji yeyote Mountain View.