Kiongozi wa Paa

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumepangwa makundi. Kazi ni kutengeneza mfano wa zahanati ndogo kwa kadibodi: kuta, milango, paa, miti na kila kitu. Siku kumi na moja. Ijumaa ya wiki ijayo tutauonesha kwa Mhadhiri na mtahini kutoka nje, msanifu majengo mwenye mvi na, wanasema, mwenye maneno machache.

Darasani ni mimi peke yangu ninayerudia mwaka. Wengine wanaita kufeli. Mimi naita uzoefu. Mama mdogo, ambaye ninaishi kwake, ana jina lake: nafasi ya mwisho. Yeye na mama wameshakubaliana kwenye simu kwamba nikianguka tena, naenda kwa mjomba kuuza magodoro. Mjomba ameshanitengea kiti.

Kundi letu lina watu watatu. Kuna Rula, binti anayetembea na rula ya chuma mkobani kama wengine wanavyotembea na kitana. Kuna Kimya, jitu refu ambalo tangu mwaka uanze nimelisikia likitoa sauti mara mbili, na mara moja kati ya hizo huenda ilikuwa chafya.

Niliuliza nani awe kiongozi. Hawakujibu. Nimekubali.

Nikagawa kazi. Mimi paa. Paa ndilo linalofunika kila kitu, kwa hiyo aliyetengeneza paa ametengeneza kila kitu. Rula, kuta na milango. Kimya, ardhi yenyewe: ubao wa chini, mteremko, njia. Hakulalamika. Huo ndio uzuri wake.

Nimempigia mama kumwambia nimechaguliwa. Amefurahi. Akauliza nimechaguliwa na nani. Mtandao ukasumbua.

Jumanne, 5 Machi

Kikao cha kwanza cha kundi. Sikuhudhuria kwa sababu za kiuongozi. Nilikuwa meza ya jirani nikiwapeleleza wapinzani.

Kundi hilo linaongozwa na Mheshimiwa. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akiomba kifutio huanza kwa kuwashukuru waliohudhuria. Wanafunga taa kwenye mfano wao. Vitaa vidogo kama punje za mtama, waya zimepita chini ya sakafu, swichi iko pembeni. Ukibonyeza, zahanati nzima inawaka.

Nimerudi kwenye meza yetu sina hamu hata ya maji. Rula akanieleza yaliyoamuliwa kikaoni. Alieleza kwa kirefu. Mimi nilikuwa nawaza taa. Kila alipovuta pumzi nilitikisa kichwa kukubali.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanza paa, nyumbani, kwenye meza ya mama mdogo. Yeye ni fundi cherehani na meza yake ya kukatia ni pana kuliko kitanda changu.

Nilitumia mkasi wake mkubwa. Kumbe mkasi wa kitambaa ukishakata kadibodi haukati tena kitambaa. Mama mdogo aliujaribu kwenye kipande cha pamba. Kipande kikatafunwa. Akaniangalia. Akautundika ukutani. Ningependelea angenigombeza.

Mchana Kimya alikuja kuniletea kadibodi nyingine. Alisimama mbele ya mchoro ninaoufuata, akautazama kwa muda mrefu. Akatoa utepe, akapima paa langu. Akapima tena. Akaenda zake. Nadhani alivutiwa.

Baada ya saa moja Rula akapiga simu. Akauliza natumia mchoro upi. Nikamwambia ule wenye zahanati. Akaanza habari za hamsini na mia. Nikamwambia paa aniachie mimi, yeye ahangaike na kuta. Akasema sawa. Kisha akasema tena sawa, lakini kwa sauti nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Zile taa zinaninyima raha. Zimewekwa hata chooni.

Leo nimechukua hatua. Nimemkuta Mheshimiwa kwenye bomba la maji, tukazungumza mambo ya kawaida. Kisha, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, nikamwambia nimesikia mtahini hazitaki kabisa taa. Nikamwambia mzee husema mfano wenye taa si jengo, ni ukumbi wa harusi. Yote nimetunga mwenyewe, papo hapo, kikombe kikiwa mkononi.

Mheshimiwa alibadilika rangi. Akauliza nani kanieleza. Nikasema mtu wa ndani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuanza kushukuru. Ilichukua muda.

Jumapili, 10 Machi

Paa limekwisha. Nimelichora mistari ya bati kwa meno ya kitana, mstari mmoja mmoja, mabati mia moja na kumi na mbili. Nimelipaka rangi ya kijivu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi maishani, na nasema hivyo bila kujisifu.

Mama mdogo aliizunguka meza nzima akiliangalia. Akasema ni zuri, lakini ni dogo. Nikamweleza kwamba huu ni mfano, vitu katika mfano huwa vidogo. Akasema hilo analijua, yeye hushona hata nguo za wanasesere, lakini mwanasesere naye ana kimo chake.

Wivu upo hata kwa ndugu.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika studio mapema, kabla ya watu, nikiwa na paa langu ndani ya boksi. Nilitaka kulijaribu peke yangu nione litakavyopendeza.

Nimelijaribu.

Niandike ukweli, maana shajara haisomwi na mtu. Kuta za Rula zimejengwa kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Zahanati ina urefu wa sentimita arobaini mezani. Paa langu lina ishirini. Mimi nimefuata mchoro wa zamani, wa moja kwa mia, uliobadilishwa kwenye kile kikao nilichoelezwa nikiwa nawaza taa. Ni nusu kwa urefu, nusu kwa upana, na nikipiga hesabu linafunika robo ya jengo. Robo tatu ya wagonjwa wako nje. Lilikaa pale juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu.

Nikalirudisha ndani ya boksi na kukaa juu ya kiti bila kufikiri chochote. Watu walipoanza kuingia niliwasalimu kwa uchangamfu. Rula akauliza paa linaendeleaje. Nikasema limekamilika kupita nilivyotarajia. Akaangaliana na Kimya.

Meza ya jirani wameng'oa taa zote. Hilo lilinipa faraja, lakini kidogo.

Nyumbani sikula. Mama mdogo akauliza kulikoni, na sijui ilikuwaje nikamwambia. Hakucheka. Akasema, "Fumua, mwanangu, ushone upya. Siku tatu zinatosha." Akasema yeye ameshafumua gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi yenyewe, na hakuna aliyejua mpaka leo.

Nikamwambia kitambaa hufumuliwa, kadibodi haifumuliki. Ukweli ni kwamba kuanza upya ni kukiri, na kiongozi akikiri mara moja watu huzoea.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata ufumbuzi. Haukuhitaji gundi hata tone.

Paa si dogo. Zahanati iko wazi. Robo ina paa, robo tatu tumeiachia anga kwa makusudi, ili mgonjwa apate hewa na jua. Nimeipa jina: Zahanati Inayopumua. Nimeandika hotuba ya kurasa nne. Nilipoisoma mara ya tatu nilianza kuiamini. Mara ya tano nilijiuliza kwa nini watu bado wanaezeka nyumba nzima.

Rula na Kimya sijawaambia. Watu wa kuta hawaelewi falsafa.

Alhamisi, 14 Machi

Maandalizi ya mwisho. Nimekata miti mitano kutoka kwenye sponji ya kuoshea vyombo. Mama mdogo ataitafuta.

Nimewaambia wenzangu kwamba kesho mfano wetu utakuwa umefunikwa kitambaa, nitatoa hotuba kwanza, kisha nitaufunua mbele ya mtahini. Nilijiandaa kubishana. Wakakubali palepale, wote wawili. Kimya alitikisa kichwa kwa nguvu. Heshima imeanza kujengeka.

Nikawaomba watoke kidogo. Nikaweka paa langu pembeni, juu ya chumba cha daktari, nikalibana kwa matone machache ya gundi. Nikafunika mfano wote kwa kitambaa cheusi cha mama mdogo na kuwakataza wasikiguse. Rula akasema hawezi kuahidi. Nikadhani anatania.

Ijumaa, 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilichelewa kwa sababu ya kupiga shati pasi. Kitambaa nilikikuta vilevile nilivyokiacha. Rula akanivuta kiwiko, akasema kuna jambo lazima nilijue. Nikamwambia baadaye. Akanivuta tena. Nikamkazia macho. Kimya akafungua mdomo. Nilidhani anapiga miayo.

Kundi la Mheshimiwa likaitwa kwanza. Alishukuru kwa dakika nne. Zahanati yao haikuwa na taa hata moja. Muda wa taa walikuwa wameutumia kwenye ngazi na njia ya kiti cha magurudumu, na kazi ilikuwa safi. Mtahini aliinama akaitazama sana. Kisha akasema amechoka kuoneshwa mifano inayowakawaka kama kumbi za harusi, na leo angalau macho yake yamepumzika.

Kumbi za harusi. Maneno yangu mwenyewe. Mheshimiwa akanyoosha mkono kuelekea kwangu na kusema shukrani zimwendee ndugu yetu wa meza ya pili, aliyewashauri bila choyo. Darasa likanipigia makofi. Ni mara yangu ya kwanza kushangiliwa tangu nijiunge na chuo. Nilidanganya, uongo ukageuka kweli, na aliyefaidi ni yeye. Sijui mtu apeleke wapi malalamiko ya namna hii.

Zamu yetu. Nilianza kwa kuuliza mgonjwa anahitaji nini zaidi ya dawa. Nikasema hewa. Nikaeleza kwamba majengo yetu yamefungwa kama masanduku, na kwamba kundi langu, chini ya uongozi wangu, limethubutu kuezeka robo tu ya zahanati.

Mtahini akauliza kuhusu mvua. Nikasema mvua ni ya msimu, hewa ni ya mwaka mzima. Mhadhiri akauliza kama chumba cha kujifungulia nacho kiko wazi. Nikasema hasa hicho, ili mtoto aanze maisha kwa kuiona anga. Nyuma yangu Rula alitoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa. Nikaona ni wakati muafaka. Nikavuta kitambaa.

Zahanati ilikuwa na paa. Paa zima, ukuta hadi ukuta, sentimita arobaini kamili, na mifereji ya maji ya mvua pande zote mbili, na tangi dogo pembeni la kuyapokea.

Mtahini aliangalia paa. Akaniangalia mimi. Akaangalia paa. Mhadhiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa. Sikuwa na ukurasa wa tano.

Hapo ndipo Kimya aliposema. "Hilo lilikuwa wazo letu la mwanzo. Tuliliacha mvua iliponyesha."

Ana sauti nzuri, nzito, kama ya mtangazaji wa redio. Akaendelea kueleza mifereji, mwinuko wa paa, tangi linavyojaa. Mtahini alicheka mpaka akavuta kiti. Mtu wa maneno machache, lakini wa kicheko kingi.

Baadaye Rula akanieleza. Kimya aliliona kosa ile Alhamisi aliponiletea kadibodi. Yeye Rula akaniambia, nikamjibu aniachie. Kwa hiyo Kimya akaanza kutengeneza paa jingine nyumbani kwao, endapo langu lisingetosha. Asubuhi hii wakalibadilisha. Walitaka kunijulisha.

Nilimfuata Kimya, nikamuuliza kwa nini aliniokoa. Alinipigapiga begani, akaondoka. Nadhani maneno yake ya mwaka huu yamekwisha. Nilikwenda bombani nikanywa vikombe viwili vya maji.

Kisha Mhadhiri akaniita ofisini. Akauliza ni sehemu gani ya ule mfano niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Nikaanza na uongozi. Akasema mikono. Nikasema miti. Akauliza mingapi. Nikasema mitano.

Hukumu: Rula na Kimya wamepata alama za juu kabisa. Zangu zimezuiwa. Nimepewa wiki moja kutengeneza mfano wa kibanda cha mlinzi, chumba kimoja, dirisha moja, mlango mmoja. Peke yangu. Alilirudia hilo neno mara tatu na kuliandika kwenye karatasi. Nikifanikiwa, nimevuka mwaka. Nisipofanikiwa, magodoro.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbili nimetafakari kwa kina. Jana mama mdogo alizima cherehani, jambo ambalo hulifanya kwa misiba tu, akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba kitambaa kifunuliwe kabla ya hotuba. Akawasha cherehani.

Nimeikubali adhabu kwa moyo mkunjufu na kuanza kazi leo hii hii. Saa nne asubuhi nilipita darasa la mwaka wa kwanza, nikapata vijana watatu wenye ari, mmoja wao ana kisu kikali sana. Nimewaeleza kwamba hii ni nafasi adimu ya kufanya kazi na mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili katika somo moja. Yule mwenye kisu akauliza kama si kazi niliyopewa nifanye peke yangu. Nikamweleza kwa upole, kama kaka, kwamba nimelipigia hesabu jambo hilo vizuri, na kazi ya mtu mmoja inahitaji watu watatu na kiongozi.