Aina Kumi na Tatu Chini ya Paina

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Ombeni wa Baiolojia ametupa kazi. Twende kwenye msitu wa paina nyuma ya shule, tuweke fremu ya mbao mahali patatu, bondeni, katikati na kileleni, tuandike kila aina ya mmea iliyomo. Mwenye ripoti bora atakwenda naye Mbeya kuona msitu wa asili wa Mlima Rungwe. Nafasi moja tu. Katika njia ya Mbeya, mimi mwisho wangu kufika ni Igawa. Joyness, ninayekaa naye dawati moja, ameshatafuta kofia ya safari.

Jumanne, 4 Machi

Bondeni: sindano za paina, kishona nguo kimoja, ule mmea wa mbegu zinazong'ang'ania nguo. Katikati: sindano, kishona nguo. Kileleni nilipiga magoti nusu saa. Sindano. Kishona nguo. Uyoga ulinipa moyo, lakini tulifundishwa kwamba uyoga si mmea. Jumla: aina moja. Joyness anazo kumi na mbili. Ameniuliza kama nilihesabu huku nimefumba macho nasali.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwonyesha Bibi Rozalia mmea wangu, akautaja kwa Kihehe. Jirani yetu Mama Bupe akacheka, akasema kwao Tukuyu, kwa Kinyakyusa, una jina lingine kabisa. Mzee Vitus, mlinzi wa shule, akatoa la Kibena. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu: kila aina iandikwe kwa jina lake. Pamoja na kishona nguo, ninayo majina manne. Sijadanganya mtu. La Kihehe nimeliweka bondeni, la Kibena katikati, la Kinyakyusa kileleni kwa sababu ya baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Manne hayashindi kumi na mbili za Joyness. Baada ya vipindi nilikwenda stendi ya Mafinga, nikainua mmea kwenye madirisha ya mabasi ya Mbeya. Abiria wakanipa la Kisafwa, la Kisangu, la Kikinga, na mengine. Mzee mmoja aliuliza kama unatibu figo. Kondakta akaniambia, binti, hiyo kwetu wanakula sungura, bure. Nimefika aina kumi na tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu alitaka sampuli. Nikampa matawi kumi na matatu, yamebandikwa vizuri daftarini. Mbegu zikahamia kwenye sweta yake. Alizing'oa moja moja, zote sawa, akaniuliza hizo ni aina ngapi. Nikasema inategemea mtu anatoka wapi.

Joyness alicheka mpaka sampuli zake zilipofika mezani: mchicha, figili, majani ya maboga, zikiwa bado na udongo wa bustani ya mama yake.

Mwalimu akasema chini ya paina zile jibu lilikuwa moja. Kivuli na sindano haviachii mimea mingine nafasi, na hilo ndilo alilotaka tulione. Damari, anayekaa nyuma na hasemi, aliandika moja. Anakwenda yeye.

Mimi nilikuwa na moja tangu Jumanne.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwazima Damari sweta yangu ya kusafiria. Baada ya ibada Mwalimu ametuambia kimepatikana kiti kingine, cha atakayeandika vizuri kuhusu ndege wa msitu uleule. Nimekwenda mara moja. Nimeona kunguru mmoja.

Bibi ameshamtaja kwa Kihehe. Kesho basi la Mbeya linafika stendi saa tisa.