Picha Iliyotazamwa Nusu

Umewahi kumwona mtu anauza kitu ambacho hajakitazama hadi mwisho? Kama bado, basi hujakutana na Fasaha. Jina hilo alibandikwa na watu aliowaliza, maana hata waliolizwa walikiri kwamba wamelizwa kwa lugha nzuri.

Asubuhi moja Fasaha alikwenda kuchukua suti yake kwa Mama Dobi, nyuma ya kiwanda cha rangi za nguo. Suti aliipeleka ikiwa rangi ya maziwa. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa umeingia ubuluu, kama maziwa yaliyodondokewa na wino. Mama Dobi hakujitetea. Alimwonyesha kijito pale chini ya ukuta, akamwambia kwamba kila Jumanne na Ijumaa kiwanda hufungulia bomba, na yeye hana maji mengine ya kufulia. Kati ya nyumba mbili za wageni alizozifulia, moja ilishamhama kwa sababu ya mashuka yaliyoingia buluu. Ilibaki moja, na hiyo ikiondoka, pasi yake ya mkaa itageuka pambo. Mara tano alikuwa amekwenda getini kutaka kumwona mwenye kiwanda, na mara tano mlinzi alimwambia aandike barua.

Fasaha hakusikia hata nusu. Macho yake yalikuwa mezani, kati ya pasi na bakuli la vifungo, kwenye kompyuta ya binti wa Mama Dobi. Binti huyo alifanya kazi duka la kuchapa nyaraka, na kila akipata nafasi alichora humo ndani picha zinazotembea. Kwenye kioo palikuwa na kijito kinachometameta, mti wenye majani ya vizibo vya chupa, ndege mmoja, na kule mbali, juu kulia, jengo dogo jeupe. Fasaha alitazama sekunde ishirini. Kwake yeye huo ulikuwa utafiti wa kina.

Alijua jambo moja ambalo mji mzima ulilijua: Tajiri wa kiwanda alikuwa anangoja wageni, wanunuzi wakubwa ambao hawagusi rangi ya kiwanda kinachochafua mazingira. Kujenga tangi la kusafishia maji ni gharama. Picha ni nafuu.

Akaiomba picha. Mama Dobi akamuuliza anaipeleka wapi, naye akataja. Mama akakunja shati zima, mikono yote miwili, na kola.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Lakini kompyuta hii inajua kidole changu na cha binti yangu tu. Itabidi niende nayo."

"Na malipo, mama?"

"Nikae humo chumbani hadi picha iishe. Basi."

Fasaha alitoka pale akimhurumia. Dunia ina watu wepesi jamani, alijiambia, na Mungu kawaumba ili wajanja nao wale.

Kwa Tajiri kazi ilikuwa ndogo. Fasaha alimchorea picha hewani kwa vidole, akamweleza kwamba siku hizi ukitaka kujulikana unapenda mazingira, huhitaji kupanda mti, unahitaji kuwa na mti unaozungumza. Tajiri, aliyeogopa kuonekana mshamba kuliko alivyoogopa hasara, aliuliza ndege ana maana gani.

"Ndege ni wewe."

"Na mti?"

"Mti pia ni wewe, ila umetulia."

Tajiri alitafakari, akaona kweli anafanana. Akaahidi bahasha mara wageni wakimaliza kupiga makofi.

Siku ya wageni, mlinzi aliyezoea kudai barua alifungua geti lote, kwa kuwa Mama Dobi aliingia kama fundi wa waya wa Fasaha, aliyejiita mtaalamu wa picha. Walipanda hadi chumba cha mikutano, chenye meza ndefu na dirisha linalotazama uani. Waya ulichomekwa, picha ikatokea ukutani, kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili. Fasaha akasimama mbele yake, mgongo kwa picha, uso kwa watu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, kwa sababu bahasha hazitoki kwenye picha, hutoka kwa wenye nyuso.

Alianza na mpangilio. Alisema mti umewekwa pembeni kwa unyenyekevu, na ile nafasi tupu kushoto si tupu, imejaa kesho. Kisha akawaomba wageni watazame usafi wa maji.

Nyuma yake maji yalianza kuingia buluu.

Alisema majani ni matumaini ya watoto wetu. Nyuma yake vizibo vilianguka kimoja kimoja. Ndege alishuka kunywa, akaruka na bawa moja la buluu. Na lile jengo dogo likasogea, likakua, hadi likaonekana sawasawa: madirisha manane, bomba la moshi lililoinama, geti la chuma. Wageni walitazama ukutani, wakatazama dirishani, wakatazama ukutani tena. Fasaha aliona macho yamewatoka, akajua sanaa imewagusa, akaongeza mwendo.

"Fuateni mstari wa maji," alisema. "Mchoraji stadi hachori mstari bure. Mwisho wa mstari ndipo ilipo maana."

Wakaufuata. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, aliishusha machoni.

"Bwana mtaalamu, hapo mwisho wa mstari pana nini?"

"Pana moyo wa mwenye nyumba," alijibu Fasaha bila kugeuka.

"Hebu geuka."

Akageuka. Pale palikuwa na bomba, nene, likitapika.

Tajiri aliamuru waya uchomolewe, lakini yule kiongozi wa wageni akasema picha iachwe iishe. Tajiri akacheka kidogo, akasema wasanii hutia chumvi. Mgeni akamtaka Fasaha aeleze kama ni chumvi, huku akitazama ule mkono wa kushoto wa suti aliyoivaa, wenye buluu. Tajiri akairudisha bahasha taratibu kwenye droo ya meza. Droo ilipofungwa, Fasaha akaona hana tena sababu ya kusema uongo, na kwa mara ya kwanza maishani akaeleza kitu kama kilivyo: Jumanne, Ijumaa, bomba, mashuka. Kumbe alikuwa amesikia.

Mgeni akamgeukia mwanamke aliyekaa kando ya waya, akamuuliza yeye ana la kusema.

"Huyo ni fundi wa waya tu," alisema Tajiri.

Mama Dobi alisimama, akanyoosha kanga yake kiunoni, akamtazama Tajiri machoni.

"Mimi si fundi wa waya, baba. Mimi ni dobi, nafua hapo chini ya ukuta wako. Nataka bomba lile lifungwe mpaka utakapoweza kusafisha maji kabla ya kuyamwaga. Mara tano nimekuja getini nikaambiwa niandike barua. Sikuandika. Nilitaka nikuambie ukiwa unanitazama."