Nilivyomuuza Skola Ukweni

Jamani, leo nimeadhirika ukweni hadi jasho limenitoka mgongoni.

Mnajua nacheza ile besiboli ya mtandaoni, unaunda timu, kompyuta inaichezesha. (Besiboli yenyewe sijawahi kuiona uwanjani. Tuyaache.) Sisi wachanga tunaanzia ligi ya chini kabisa. Tunapigwa, tunazoea, tukijaliwa tunapanda. Wachezaji unawapa majina mwenyewe. Mimi, kwa mapenzi, nikawapa ya familia nzima ya mchumba wangu Skola.

Leo nimekwenda kwao Kitura na mjomba wangu, kuposa. Shikamoo zimepita, togwa tumekunywa, mzee kachangamka. Mara simu ikaita, ikakata. Ni Kastori wa Mbamba Bay, tunaendesha naye timu. Usajili unafungwa mchana huu, na bila mpigaji mpya hatupandi ligi! Nikaomba udhuru, nikatoka kutafuta mtandao kwenye mibuni nyuma ya jiko.

Mtandao wenyewe sasa! Kastori hasikii kitu. Nikapaza sauti.

"Skola muuze!"

"Nani?"

"Skola! Nimemchoka! Nataka mdogo wake, Agnesi! Yule bado ana nguvu!"

"Na mama yao?"

"Huyo mwache, ananifaa!"

(Mungu wangu.)

Kugeuka, mama mkwe huyo, mwiko mkononi. Nyuma yake Agnesi. Nyuma ya Agnesi, Skola mwenyewe.

Nikarudishwa ndani. Mjomba kainamisha kichwa, hataki kunijua. Nikajieleza: mzee, ni mchezo tu, kuna rungu, kuna mpira, watu wanakimbia kuzunguka. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nimo humo?"

"Umo, mzee."

"Nafanya nini?"

Si ningedanganya tu! Ulimi ukateleza.

"Uko benchi, mzee."

Mjomba akaanza kukohoa.

"Haya," mzee akasema. "Na wewe kaa benchi. Habari ya posa tutaizungumza kahawa ikishavunwa."

Nimefika Mbinga, nafungua simu: tumepanda ligi! Nikarukaruka peke yangu pale stendi, watu wananishangaa. Hapohapo ukaingia ujumbe wa Skola: "Umeniuza bei gani?"

Msinicheke, nisaidieni. Namwambiaje kwamba mnunuzi hakupatikana, tukamtoa bure?