Uzinduzi wa Kinga za Misumeno kwa Mafundi Majeneza wa Teshie

Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu wako, Msaidizi wa Makamu, Kaimu Msaidizi ambaye ana udhuru, waheshimiwa machifu, mafundi majeneza wa hapa Teshie, Ghana, na wateja wenu ambao bado mnapumua, itifaki imezingatiwa. (Kicheko.)

Mimi, Mkurugenzi wa Usalama wa Vidole na Viungo Vinavyofanana Navyo, nasimama kwa furaha isiyo kifani, kwa kuwa kufuatia upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe, nikausimamia mwenyewe na kujipongeza mwenyewe, imebainika kwamba asilimia tisini ya ajali za msumeno wa umeme husababishwa na msumeno wa umeme (makofi), na zilizobaki ni uzembe wenu! Fundi anachana mbao za jeneza la umbo la kambare, mkono mmoja kwenye mbao, mwingine kwenye donge la kenkey analokula, macho kwa muuza samaki! Jamani! (Sauti: "Kwani wewe hujamwona huyo muuza samaki?") Nimemwona, ila mimi sikushika msumeno! (Vigelegele.)

Sasa tazameni mezani! Kinga za kufunika meno ya msumeno, zinang'aa kama sufuria za bibi harusi! (Makofi mazito.) Katika mkakati wetu jumuishi na mtambuka, kila karakana... (Naa Dedei, mke wa fundi Kpakpo, asimama: "Mheshimiwa, zinafungwa lini? Mume wangu yuko hospitali, na mdogo wake yuko kwenye msumeno uleule sasa hivi, meno wazi!")

Tulia, mama yangu. Zitafungwa mara tu mchakato utakapochakatwa. (Minong'ono. Naa Dedei: "Mchakato una vidole huo?")

Nahitimisha! Vidole! (Juu!) Uzembe! (Chini!) Mkurugenzi! (Kikohozi.)

Shukrani zangu za pekee ni kwenu mafundi, ambao mteja akitaka kuzikwa ndani ya ndege mnamchongea ndege, akitaka pilipili mnamchongea pilipili. Nilipoambiwa wapiga picha wanakuja, ilhali kinga hazijaagizwa, fungu halipo na mradi wenyewe sijauandika, fundi Kpakpo alinichongea hizi zote kwa mbao nyepesi, akazipaka rangi ya fedha. Tafadhali msiziguse, hazijakauka. Naye tunamtakia nafuu, maana kidole kilimkatika akichana ubao wa kinga ya mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Naa Dedei avua kiatu.)