Malalamiko Dhidi ya Samaki Madume wa Bwawa la Karakana

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Maji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani, na hata yule mtaalamu wako mwenye buti za mpira, ingawa ndiye aliyetutilia mchanga kitumbua. Mimi ni msimamizi wa zamu katika karakana ya kufua na kupausha suruali za jinzi, hapa kando ya kijito.

Maji yetu machafu hupita kwanza kwenye bwawa dogo, ndipo yaingie kijitoni kwa bomba. Humo bwawani bosi aliweka samaki, ili mteja mwenye wasiwasi apelekwe ukingoni, awaone wakiogelea, aridhike. Tunawaita mashahidi. Sasa mtaalamu wako amewapasua mashahidi wetu na kuandika kwamba madume wana mayai ndani ya korodani, eti mabaki ya sabuni yetu yanaingia miilini mwao na kujifanya homoni za kike. Nawe umetuandikia notisi kwamba bomba litazibwa mwisho wa mwezi. Likizibwa, karakana inafungwa na unga wetu sote umemwagika. Naomba notisi hiyo ifutwe, kwa sababu hizi:

1. Samaki hawa ni waajiriwa wenzetu. Wanalishwa pumba kwa gharama ya karakana na kazi yao ni moja tu, kuonekana wazima. Kumgeuka anayekulisha ni utovu wa nidhamu. Waandikiwe barua ya onyo kwanza, na niko tayari kuiandika mimi.

2. Mtaalamu analalamika kwamba bwawani hamna vifaranga. Ni kweli, tangu msimu uliopita hatujaona hata kimoja. Lakini madume na majike wanapishana kimya kimya kama wapangaji waliogombania choo. Huo ni ugomvi wa ndoa. Tangu lini Ofisi ya Maji ikaingilia mambo ya chumbani?

3. Hata kama dume ana mayai, kosa liko wapi? Akina mama wa kupiga pasi wamefurahi kupita kiasi. Walisema kumbe inawezekana dume naye kubeba mimba, wakaomba ruhusa ya kuwaleta waume zao waoge bwawani. Ruhusa nilitoa. Hadi leo hajatokea mume hata mmoja.

4. Labda dume huyo alizaliwa hivyo. Mlinzi wetu ana sauti nyembamba na hajawahi kuota ndevu, na hakuna aliyempasua.

5. Ikiwa kweli sabuni inageuza samaki, basi waondolewe samaki, bomba libaki. Bosi ameshaagiza samaki wa plastiki wanaoogelea kwa betri. Hao hawana jinsia, hawali pumba, na ukiwapasua utakuta nyaya tu. Mtaalamu wako aje awapime hata kesho.

Mheshimiwa, utani kando, naogopa. Kazi hii ndiyo iliyonijengea nyumba na kunilelea watoto, na kwa umri huu sijui ni nani atakayenichukua. Usinifukuzishe kazi kwa ajili ya samaki asiyejijua.

Nisalimie karani wako, dereva wako, na mtaalamu mwenyewe. Mwambie buti lake lililonasa topeni tumeliopoa, limekauka, aje alichukue.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa Zamu

Nyongeza: Gari lenu la maji likipita huku, naomba lijaze pipa la nyumbani kwangu. Mke wa mwanangu ana mimba ya kwanza, na tangu niisome ripoti ya mtaalamu wako nimemkataza kugusa maji ya kijito, hata ya kunawa uso. Kila alfajiri nabeba madumu mwenyewe, napanda kando ya kijito hadi juu kabisa ya bomba letu, yasikofika maji ya karakana, ndiko ninakochota. Tafadhali bosi asilijue hili. Na kama gari haliwezekani, basi, Mheshimiwa, usingoje mwisho wa mwezi. Bomba lizibe hata leo.